Taa Nyekundu ya Mlango wa Nyuma

Furaha, na wewe Otieno, funguo za ukumbi wa chuo nimeshawakabidhi, na mnajua ule wa kabati la nyaya unataka kubembelezwa kabla haujazunguka. Kilichobaki ni haya. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu nyinyi mtayasoma, na kwa sababu Kiingereza changu cha ofisini kimezoea kusema kila kitu kilikwenda vizuri hata pale mambo yalipoharibika. Mwanangu aliponikuta nimeinama mezani hapa nyumbani Hounslow, London, aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama naandika malalamiko. Nikamwambia ndiyo, ila sijui niyapeleke wapi.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Nani alipandishwa na nani alirukwa, hayo waulizeni wapenda umbea, na kampasi ile haijawahi kupungukiwa nao.

Siku yangu ya kwanza niliingia kwa mlango wa mbele. Sikujua. Nilikuwa nimetoka Mombasa juzijuzi, nimevaa buibui na juu yake koti la baridi la kuazima, nikaona ngazi pana za mawe na mlango mkubwa wa vioo, nikasema si ndipo penyewe? Mlinzi akanitazama toka juu mpaka chini, akaniuliza nimekuja kwa nani. Nikamwambia nimekuja kusafisha. Akanielekeza kwa kidole nizunguke nyuma, kwenye mapipa ya taka.

Huko nyuma ndiko nilikomkuta Amparo. Mwanamke mfupi, nywele kazibana kwa nguvu, peremende haimtoki mdomoni. Alikuwa Mkolombia, na ndiye aliyetusimamia sisi wasafishaji wa jumba lile. Hakuniuliza cheti wala nimetokea wapi. Alinitazama viatu. "Hivi vitakuua," akasema, akafungua kabati akanitolea raba kuukuu za mtu aliyeacha kazi. Akaniita *mija*, ambayo kwao ni kama sisi tunavyosema mwanangu, ingawa hakunizidi umri kiasi hicho. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na changu cha shule, na hapo katikati tukaelewana miaka yote.

Kabla ya London alikuwa kibarua kwenye mashamba ya maua huko kwao, kama yale ya Naivasha. Nilipomwambia na Kenya tunauza maua alicheka sana. "Basi maua yetu yalishajuana Ulaya kabla yetu," akasema. Na kweli, kila palipokuwa na mahafali na maua yakaletwa ukumbini, alikuwa akiyageuza kusoma karatasi yametoka wapi. Yakiwa ya Kenya ananiita nije niwasalimie ndugu zangu.

Kazi alinifundisha yeye. Vumbi lipanguswe kuanzia juu, sakafu iwe mwisho. Kiti kinyanyue, usikiburute, maana kelele za kiti zinafika mpaka ofisi ya mkuu na mkuu anazo kazi nyingine. Na akanifundisha ile taa.

Nyinyi mnaiona ni taa tu. Mlango mdogo ulio pembeni mwa jukwaa unatokea ujia wa nyuma, kwenye jiko la chai na stoo, na juu yake kule nyuma kuna ile taa nyekundu. Ikiwaka, ndani watu wanazungumza na mitambo inarekodi, hapiti mtu. Ikizimika, pita. Kabla sijaja, msichana mmoja aliyekuwa hana habari alisukuma kigari cha vikombe akaingia nacho ukumbini, watu wamesimama kimya kumkumbuka mwalimu aliyefariki. Kontrakta aliyetuajiri akamfukuza siku hiyohiyo. Amparo ndiye aliyemsindikiza mpaka kituo cha basi, na tangu hapo hakutaka mchezo na taa. Aliniambia, "Hata jumba likiungua, mija, ngoja izimike." Nikamwambia likiungua mimi nakimbia. Hakucheka.

Nilitokaje kwenye ufagio nikafika kwenye mitambo ya sauti? Fundi wa wakati ule aliumwa mgongo, akataka mtu wa kumpandia ngazi. Nikakunja buibui kiunoni nikapanda. Basi, sikushuka mpaka mwezi uliopita. Alikuwa mzee mkali lakini mkweli, na yote niliyowasumbua nayo ni yake. Waya usiuzungushe kwenye kiwiko, utaukata roho yake kwa ndani. Maiki usiipulize wala usiigonge, iambie neno. Na atakapokuja profesa akakwambia yeye hahitaji maiki kwa sababu sauti yake inafika, mpe tabasamu, mpe na maiki. Hakuna hata mmoja ambaye sauti yake ilifika.

Kumbe kule mezani pangu, juu nyuma ya ukumbi, ndipo swichi ya ile taa ilipo. Mnaijua. Ukiibonyeza taa inawaka na rekodi inaanza, vyote kwa pamoja. Siku ya kwanza nilipoibonyeza, Amparo alikuwa chini anafuta viti. Akaniangalia juu akanipigia saluti kama askari.

Sasa niwaambie habari za mlango, kwa sababu nyinyi mmekuja mkakuta mambo yamenyooka. Zamani, kabla sijapanda kwenye mitambo, sisi wasafishaji hatukuwa wa chuo. Tulikuwa wa kontrakta. Ukiumwa, shauri yako. Kantini ya wafanyakazi tuliisafisha lakini kula humo marufuku, tukawa tunakula stoo tumekalia ndoo. Na mlango wa mbele, mchana, haukuwa wetu. Msimamizi wa kontrakta alikuwa na msemo wake, kwamba msafishaji mzuri ni yule asiyeonekana. Alipenda kuurudia huku anatabasamu, utadhani anatusifia.

Amparo alivumilia mpaka maji yakamfika shingoni. Mwenzetu mmoja, mama wa Kiekwado, alikuja kazini na homa kwa kuogopa kupoteza siku, akaanguka ngazini na ndoo yake. Kesho yake asubuhi Amparo alituita stoo. Tulikuwa Wakolombia, Waekwado, Wakongo, Wakenya wawili watatu. Hakuhutubia. Alisema, "Leo tunakwenda kukaa ngazi za mbele. Tutaonekana kidogo." Tukatoka na ndoo zetu tukakaa, mvua inanyunyiza, na mimi nimevuta mtandio usoni kwa sababu karatasi zangu za kuishi nchini zilikuwa bado ofisi ya uhamiaji. Wanafunzi wakaanza kutuuliza kuna nini. Wengine wakakaa. Ilichukua muda mrefu, mikutano isiyokwisha, barua, vitisho, watu wakikata tamaa wakirudi. Ila ngazi hatukuziacha, na mwisho wake chuo kikatuchukua kiwe mwajiri wetu, na likizo ya ugonjwa, na kantini, na kadi zinazofungua kila mlango.

Tulimsukuma Amparo ajaribu kadi yake wa kwanza pale mbele. Mlango ukafunguka. Tukapiga vigelegele, mimi na Wakongo, na wale Walatino wakajifunza vigelegele siku ile kwa shida kubwa. Amparo akaingia, akasimama ndani akatazama huku na huku, akatoka. Kisha akazunguka nyuma kwenda kuchukua ndoo yake. Tulicheka sana. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Miaka ikapita, magoti yakamchosha, akastaafu, akawa anaishi na mpwa wake kusini mwa mto, Tooting. Mimi nikabaki juu na mitambo yangu. Akaja msichana mmoja mwanafunzi, Valentina, aliyezaliwa hapahapa London, wazazi wake Wabolivia. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Kilatino, na walikuwa wanaandaa sherehe ya urithi wao: ngoma, chakula, mashairi, na picha ukutani za wakulima na wanafunzi wa Kilatino walioandamana Marekani zamani kudai haki zao. Alikuja kuniuliza habari za spika. Akazitazama zile picha alizokuwa amezishika akasema, kama anayejilaumu, "Sisi hapa kwetu hatuna hata mmoja wa kumtaja."

Nikamwambia, "Keti, mwanangu."

Nilipommalizia habari za Amparo, macho yalikuwa yamemjaa machozi. Mama yake mwenyewe alikuwa msafishaji mjini, na yeye Valentina hakuwahi kumwambia mtu chuoni. Akasema Amparo lazima azungumze, azungumze mwisho, baada ya ngoma zote, ndiyo sherehe yenyewe. Na kiti chake kiwe mstari wa mbele, katikati.

Nilikwenda Tooting na mahamri. Amparo aliyala yote na kukataa kila kitu. Aseme nini yeye, Kiingereza chake cha kuokoteza? Watoto wale si wamesoma? Nikamwambia wamesoma ndiyo, lakini hawajakaa ngazini. Akafuta makombo ya mahamri mezani. Kisha akasema, "Nimefuta ule ukumbi miaka yote. Sijawahi kukalia kiti chake hata kimoja." Alikubali kwa sharti: kwanza ajaribu ukumbi ukiwa mtupu, na nisikilize mimi peke yangu.

Akaja siku moja kabla, karatasi za rangi za sherehe zimeshatundikwa. Akapanda jukwaani na begi lake kwapani. Nikamwambia asiipulize maiki, aiambie neno. Akaiambia: "Mija, unanisikia?" Nikamwinulia kidole gumba. Basi akaanza, na akasema yote, toka mwanzo mpaka mwisho, hana karatasi, mkono mmoja kashikilia mkanda wa begi. Mwanamke aliyekuwa akiniambia neno moja moja stoo akazungumza kama mtu aliyekuwa akiyapanga miaka na miaka huku anafuta viti. Nililia na nilicheka, kule juu, peke yangu.

Sikubonyeza swichi. Swichi hubonyezwa kukiwa na hadhara, ndivyo kazi yetu ilivyo, na majaribio hayarekodiwi. Ilikuwa karibu na kidole changu kama glasi hii ya chai ilivyo karibu nami sasa. Wala haikunijia akilini. Kesho si atasema tena?

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Karatasi za rangi zimening'inia kila mahali, watoto wanakimbia, wazee wamevaa vizuri. Kile kiti cha katikati kilikuwa na ua juu yake. Muda wa kuanza ulipofika Amparo hajaonekana, lakini Amparo na mabasi ya London wanajuana, sikuwa na wasiwasi. Nikabonyeza swichi.

Ngoma zikapita, mashairi yakapita. Kiti kitupu. Valentina akawa anageuka kunitazama juu, mimi nampigia Amparo simu, simu imezimwa. Nikamtuma kijana wa mlangoni atazame barabarani. Hakuna. Nikafikiri magoti, nikafikiri basi, nikafikiri mabaya zaidi. Na mitambo siwezi kuiacha watu wakiwa jukwaani.

Zamu yake ikafika. Valentina akapanda, akasimulia habari za ngazi na mvua, uzuri tu, akasema kwa bahati mbaya Bi Amparo hakuweza kuwa nasi leo. Watu wote wakasimama wakakipigia makofi kile kiti. Makofi marefu. Kisha akashukuru wote, akawaalika kwenye chakula, na mimi nikazima swichi.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akaingia Amparo, gauni la buluu, hereni, begi kwapani.

Furaha, ulikuwepo, wewe ulikuwa mgeni jikoni wakati ule, hukumjua ni nani. Uliniambia baadaye kwamba alifika mapema kabisa kabla ya kuanza. Mbele aliona foleni ndefu ya watu waliovaa vizuri na ngazi zile na magoti yake, akaona heri apite njia yake. Akafika jikoni akawasalimia, akashika kitambaa akawasaidia kufuta sahani, na alipotaka kuingia ukumbini taa ikawaka. Basi akavuta kigoda akakaa chini ya ile taa. Ulimkaribisha chai akakuwekea kidole mdomoni: nyamaza, taa. Simu alishaizima, kama alivyotufundisha sote. Alikaa pale na mikono mapajani. Akasikia ngoma zote. Akasikia jina lake, akasikia kwamba hakuweza kuja, akasikia makofi. Unasema alipiga na yeye, polepole, asisikike.

Nilishuka zile ngazi sijui nilishukaje. "Amparo! We! Si ungesukuma mlango!"

Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Taa ilikuwa inawaka, mija."

Valentina alikuwa analia kwa sauti, anataka kupanda jukwaani awaite watu warudi. Nusu yao wameshashika sahani. Amparo akamshika mkono. "Waache wale, chakula kitapoa. Nitazungumza mwakani." Akachukua lile ua kwenye kiti chake akaligeuza chini kutafuta karatasi. Halikuwa na karatasi. Kiti hakukikalia.

Mwakani haikuja. Dada yake aliugua kwao, akarudi Kolombia kumuuguza, na huko akabaki. Tulikuwa tukipigiana simu. Mwanzo tunazungumza vizuri, halafu maneno yakaanza kumpungua, akawa anatafuta neno la kijiko, neno la mvua. Uzee umemwondolea Kiingereza, ndicho pekee tulichokuwa nacho mimi na yeye. Kihispania chake bado anacho, anasema mpwa wake, yule wa Tooting aliyemfuata huko, ila nacho kinapwaya. Mara ya mwisho nilimwomba huyo mpwa amuulize kama anayakumbuka aliyoyasema jukwaani ukumbi ukiwa mtupu. Nikasikia wanaongea. Mpwa akarudi kwenye simu akasema, "Shangazi anauliza, maneno gani?"

Lo! Nilikaa na simu sikioni hata baada ya kukata. Kwenye maktaba ya chuo kuna rekodi safi kabisa, kazi ya mkono wangu mwenyewe, sauti haina doa, inayosema hakuweza kuja. Aliyekuja haimo. Kazi niliifanya kama ipasavyo, naye aliifanya kama ipasavyo, na hilo ndilo linalonikaba mpaka leo. Kama mmoja wetu angekuwa mzembe kidogo tu, yangekuwa mengine.

Basi nayaweka hapa ninayoyakumbuka, na nayo yananiponyoka. Alianza na maua, kwamba aliyachambua miiba bila kujua yanakwenda kwa nani, na akaja kuyakuta hapa kwenye chombo cha maua, akayafuta vumbi. Alitutaja majina wote tuliokaa ngazini, na jina langu alilitamka vibaya kama kawaida. Palikuwa na kichekesho kuhusu ndoo. Nilicheka mpaka nikashika meza, na sasa sikikumbuki, wallahi, nimejaribu mpaka kichwa kimeuma. Na mwisho alisema hivi: "Asanteni kwa ngoma na kwa chakula. Kesho asubuhi atakuja mtu kufagia hizi karatasi za rangi. Ana jina. Muulizeni." Akashuka jukwaani, akainama akaokota karatasi moja iliyodondoka, akaitia mfukoni.

Mwezi uliopita mlinikalisha mimi mstari wa mbele, mkaniaga. Kiti kile ni kigumu, niwaambie ukweli, sikujua. Otieno, wewe ulikuwa unapanga hotuba, labda hukuona. Nilimwona Furaha juu kwenye mitambo, kwenye nafasi yangu, nikangoja awashe. Hakuwasha kwanza. Alishuka ngazi zote, akapita mbele za wakubwa wamekaa wanatazama saa, akafungua mlango wa nyuma, akatoa kichwa akatazama ujia kulia na kushoto. Akachukua kigoda akauzuia nacho mlango usijifunge. Ndipo akapanda kubonyeza swichi.

Mmenipa rekodi ile na nimeisikiliza. Sufuria zinagongana toka mwanzo mpaka mwisho, mtu anacheka jikoni, maji yanamwagika, na maneno ya mkuu wa chuo hayasikiki hata nusu. Sijawahi kusikia rekodi mbovu namna ile ikitoka ukumbini mwetu. Ningekuwa na mbovu kama hiyo ya Amparo, ningeisikiliza kila siku.